Nasoma na kuswali, lakini nikifungua karatasi ya mtihani kila kitu kinafutika

"Assalaam alaykum mwalimu. Zimebaki wiki sita nifanye mtihani wa mwisho na hofu imenishika vibaya. Kwenye mtihani wa majaribio nilisoma hadi usiku wa manane, nikaamka kuswali tahajudi, nikasoma Yasin kabla ya kutoka nyumbani, lakini nilipofungua karatasi ya biolojia kila kitu kilifutika. Nilipotoka nje majibu yakaanza kurudi yenyewe. Rafiki yangu mmoja anasema hofu hii ni udhaifu wa imani, kwamba ningekuwa na tawakkul ya kweli, yaani kumtegemea Mwenyezi Mungu, nisingetetemeka. Mwingine anasema kufaulu na kufeli kumeshaandikwa, nisijichoshe. Wazazi wangu wamejinyima mengi ili nisome na sitaki kuwaangusha. Nimeweka nadhiri ya kufunga mwezi mzima nikifaulu. Na siku hizi naichelewesha swala ya Alasiri mpaka jua linakaribia kuzama ili nimalize kudurusu. Nakosea wapi? Je, kuna dua maalumu ya mtihani?"

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh, mwanangu.

Katika barua yako yote, sentensi iliyonisimamisha ni ile uliyoipitia haraka: ulipotoka nje, majibu yakaanza kurudi yenyewe. Basi hayakufutika. Ulichosoma kilikuwamo kichwani muda wote. Kilichokushinda ni kukitoa kwa wakati wake. Hilo ni tatizo tofauti kabisa na kutojua. Lina sababu zake, na sababu hizo nyingi zinarekebishika ndani ya wiki sita ulizo nazo.

Nianze na rafiki aliyekwambia hofu ni udhaifu wa imani, maana naona neno lake ndilo linalokuumiza zaidi. Sasa huogopi mtihani peke yake, unaogopa pia kwamba kuogopa kwako ni dhambi. Fungua Sura ya Ash-Shu'araa, aya ya 12 na 13. Nabii Musa (a.s.) anatumwa na Mola wake kwa Firauni, naye anasema anachelea watamkadhibisha, kifua chake kinabana na ulimi wake haufunguki. Kifua kubana na ulimi kukwama, hiyo si ndiyo hali uliyonieleza? Na anayesema hivyo ni Mtume, tena akizungumza na Mola wake moja kwa moja. Hakukemewa. Katika Sura ya Taha aliomba akunjuliwe kifua, arahisishiwe jambo lake, afunguliwe fundo la ulimi, na palepale akaomba pia apewe msaidizi, ndugu yake Harun. Akajibiwa kwamba amepewa aliyoyaomba. Pamoja na hayo yote, siku ya kukabiliana na wachawi, aya ya 67 ya sura hiyohiyo inatuambia alihisi hofu ndani ya nafsi yake. Alikwisha kuomba, alikwisha kujibiwa, na hofu ikamjia. Akaambiwa usiogope, kisha akaamrishwa atupe kilichomo mkononi mwake wa kulia, naye akatupa. Tawakkul yake ilionekana pale, katika kutenda alichoamrishwa. Hakuna aliyemwambia asubiri mpaka moyo uache kudunda.

Kinachotokea mwilini ni hiki. Mtu akihisi hatari, mwili humwaga adrenalini: moyo unakwenda mbio, viganja vinatoka jasho, pumzi inakuwa fupi. Kwa kiasi chake, hali hiyo inafaa. Mwaka 1908 wanasaikolojia Robert Yerkes na John Dodson walichapisha majaribio yao ya panya, na tangu hapo limeenea wazo kwamba msisimko wa wastani husaidia kufanya kazi vizuri, lakini ukipita kiasi huiharibu, hasa kazi ikiwa ngumu. Sehemu ya akili tunayoitumia kushika mambo ya papo hapo, yaani swali lililo mbele yako, hatua uliyofikia na hatua inayofuata, ni ndogo sana. Ukiijaza "nitafeli, baba atasema nini, wenzangu wameshageuza ukurasa", swali lenyewe linakosa mahali pa kukaa. Juu ya hayo, homoni iitwayo kotisoli hupanda wakati wa mkazo, na inaweza kuzuia kwa muda mtu asikumbuke hata alichokihifadhi vizuri. Ukitoka nje hofu inashuka, na majibu yanakuja. Hakuna katika haya yote kipimo cha imani yako.

Rafiki wa pili, yule wa "kumeshaandikwa", ameshika jambo la kweli akaliweka mahali pasipo pake. Mtume (s.a.w.) alisema, katika hadithi aliyoipokea Muslim: jibidiishe katika lenye kukufaa, umtake msaada Mwenyezi Mungu, wala usilegee, na jambo likikupata usiseme lau ningefanya hivi ingekuwa hivi, bali sema Mwenyezi Mungu amekadiria, na alilolitaka amelifanya. Tazama mpangilio wake. Bidii na kuomba msaada viko mwanzo. Kadari inatajwa baada ya jambo kupita. Wanafunzi wengi niliozungumza nao wanaigeuza: kabla ya mtihani wanasema kadari, ili wapumzike na kazi, baada ya mtihani wanasema lau, ili wajitafune. Wewe fuata mpangilio kama ulivyo. Katika Sura ya Aal Imran, aya ya 159, amri ni kwamba ukishaazimia, ndipo umtegemee Mwenyezi Mungu. Na yule aliyeuliza kama amfunge ngamia wake au amwache na kutegemea, jibu unalijua: amfunge, kisha ategemee.

Sasa nije kwenye kusoma kwako, na hapa nina maneno mengi.

Umesema ulisoma hadi usiku wa manane. Hukusema ulisomaje, lakini nahisi najua: ulifungua daftari, ukasoma ukurasa, ukapiga mistari ya rangi, ukausoma tena na tena mpaka ukawa mwepesi machoni. Wepesi huo ndio unaodanganya. Jicho linatambua maneno liliyoyaona jana na moyo unasema, hili nalijua. Lakini mtihani hauulizi kama unautambua ukurasa. Unakupa karatasi tupu na kukutaka uulete ukurasa wewe mwenyewe, bila daftari, saa ikihesabu. Hicho ni kitendo kingine, nacho hukukifanyia mazoezi.

Bila shaka umewahi kuitumia njia iliyo sahihi, kama uliwahi kuhifadhi hata juzuu moja. Hakuna anayehifadhi Sura ya Al-Mulk kwa kuitazama tu. Unachukua aya chache, unazisoma ukiangalia, kisha unaufunga msahafu na kuzitoa kifuani. Ukikwama unachungulia neno lile moja, unafunga tena. Ukimaliza unakwenda kumsomea ustadhi, naye anakusimamisha palepale ulipoteleza, anakurudisha nyuma, na hakuruhusu uendelee mpaka upite pale bila kusita. Kesho yake, kabla ya aya mpya, unaanza na za jana. Mwisho wa wiki unarudia zote. Biolojia, kemia na historia zinasomwa hivyohivyo: funga kitabu, sema kwa sauti au andika unachokumbuka, fungua, sahihisha, funga tena.

Mtume (s.a.w.) alituhimiza tuihudhurie Qur'ani kwa kuirudia, kwa sababu inaponyoka vifuani upesi kuliko ngamia waliofungwa kamba, kama ilivyopokelewa na Bukhari na Muslim. Yeye mwenyewe alikuwa akiirejea na Jibril kila Ramadhani, na mwaka aliofariki wakairejea mara mbili. Ikiwa Kitabu ambacho Mwenyezi Mungu ameahidi kukihifadhi kinahitaji marejeo kifuani mwa mtu, je, mfumo wa mmeng'enyo wa chakula uliousoma mara moja miezi minne iliyopita? Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejipima kumbukumbu yake mwenyewe na kuchapisha matokeo mwaka 1885, aliona kwamba tunasahau kwa kasi kubwa katika saa za mwanzo, kisha kasi inapungua, na kwamba marudio yaliyoachanishwa kwa siku hushika kuliko yaliyorundikwa pamoja. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi vifungu wavisome. Wengine walirudia kuvisoma, wengine walifunga na kujaribu kuvikumbuka. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya siku 2, na baada ya wiki moja, waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Wewe umekuwa ukijipa ushindi wa dakika tano.

Kuna kitu kingine anachokijua kila aliyehifadhi, nacho ni aya zinazofanana. Katika Al-An'aam, aya ya 151, tunakatazwa kuwaua watoto "min imlaqin", kwa sababu ya ufukara, na inafuata "nahnu narzuqukum wa iyyahum": Sisi tunawaruzuku nyinyi na wao. Katika Al-Israa, aya ya 31, ni "khashyata imlaqin", kwa kuhofia ufukara, na inafuata "nahnu narzuquhum wa iyyakum": tunawaruzuku wao na nyinyi. Asiyeziangalia pamoja ataanza na moja amalizie na nyingine, hata azirudie mara ngapi. Mwalimu mzuri anamkalisha aziweke ubavu kwa ubavu, kisha anamwonyesha kile walichokieleza wafasiri: aya ya kwanza inasema na mzazi ambaye ni fukara tayari, basi riziki yake inatangulizwa, ya pili inasema na anayeogopa kwamba watoto watamletea ufukara, basi riziki yao ndiyo inayotangulizwa. Ukishaijua sababu, huchanganyi tena.

Fanya hivyo kwa kila kinachokuchanganya darasani. Mitosisi na meosisi, kwa mfano. Chora safu mbili kwenye karatasi moja. Huku seli inagawanyika mara moja na kutoa seli mbili zenye idadi ileile ya kromosomu. Kule inagawanyika mara mbili na kutoa nne zenye nusu yake. Kisha jiulize kwa nini nusu. Kwa sababu hizo ni seli za uzazi, na nusu hiyo inakwenda kukutana na nusu nyingine. Sababu hiyo ukiijua, hata ukisahau idadi kwenye chumba cha mtihani unaweza kuifikia kwa kufikiri, na hofu haina nguvu sana juu ya kitu unachoweza kukifikia kwa njia mbili.

Kwa wiki sita zilizobaki, panga kila mada ikutane nawe mara nne: siku unapoisoma, kesho yake, baada ya wiki moja, na baada ya wiki tatu, kila mara ukianza kitabu kikiwa kimefungwa. Mtafute Harun wako, mwenzako mnayesikilizana, mmoja anashika kitabu na mwingine anaeleza bila kuangalia. Na angalau mara moja kwa wiki fanya mtihani wa mwaka uliopita kamili, kwenye kiti na meza, kwa muda uleule, simu ikiwa chumba kingine. Zoezi hili la mwisho ndilo dawa kubwa ya kufutikiwa. Mwili unaizoea ile hali, na siku yenyewe haikushtui kama ugeni.

Usiku ule wa mtihani wa majaribio ulisoma mpaka usiku wa manane, kisha ukaamka tahajudi. Nia yako naiheshimu. Lakini ubongo huimarisha ulichojifunza wakati umelala, na asiyelala anaingia kwenye mtihani akiwa mzito wa kukumbuka na mwepesi wa kuogopa. Mtume (s.a.w.) aliingia msikitini akakuta kamba imefungwa baina ya nguzo mbili. Akauliza ni ya nini, akaambiwa ni ya Bi Zaynab, akichoka katika swala huishika. Akasema ifungueni, mtu aswali akiwa na nguvu, na akichoka akae. Na katika hadithi ya Bi Aisha (r.a.), anayesinzia katika swala anaambiwa alale, asije akataka kuomba maghfira akajikuta anajiapiza. Kwa hiyo wiki hizi swali Ishaa, soma kidogo kama ipo haja, ulale mapema. Amka dakika chache kabla ya Alfajiri kwa rakaa mbili nyepesi, kisha saa nzito za masomo ziwe baada ya Alfajiri. Mtume aliuombea umma wake baraka katika mapambazuko yao, na kichwa kilicholala kinashika. Ibada anayoipenda zaidi Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu, hata ikiwa ndogo. Rakaa mbili kila siku mpaka mtihani uishe ni bora kuliko mkesha mmoja unaokuangusha mchana.

Alasiri usiicheleweshe. Hapa sitazunguka: swala imewekewa nyakati maalumu, na kudurusu si udhuru wa kuisukuma mpaka jua linapiga wekundu. Hata ukipima kwa hesabu ya masomo tu, hupati faida. Mtu aliyekaa kitini muda mrefu anapitisha macho juu ya mistari bila kuingiza kitu. Akisimama, akatia udhu, akasujudu na kurudi, anasoma upya. Kama ratiba ya mtihani wenyewe inafunika wakati mzima wa swala na huruhusiwi kutoka, hilo ni jambo jingine. Ibn Abbas (r.a.) amepokea kwamba Mtume aliwahi kukusanya swala akiwa Madina bila ya hofu wala mvua, ili asiutie umma wake katika uzito. Wanazuoni wametofautiana mipaka ya hadithi hiyo, basi peleka ratiba yako kwa sheikh wako mapema, usingoje asubuhi ya siku yenyewe.

Dua maalumu ya mtihani, iliyothibiti kutoka kwa Mtume kwa jina hilo, hakuna. Zinazosambazwa kwenye simu zikiahidi kwamba anayezisoma mara kadhaa hafeli, usizitegemee, na usimpe pesa mtu anayekuuzia ya kwake. Za kutosha unazo. "Rabbi zidni ilma" unapofungua kitabu. Dua ya Nabii Musa, Taha aya ya 25 hadi 28, unapoingia kwenye chumba. "Allahumma la sahla illa ma ja'altahu sahla" ukikutana na swali gumu. Na kwa hofu yako hasa, ile iliyomo katika Bukhari ya kujikinga na wasiwasi na huzuni, kushindwa na uvivu. Niliipenda siku zote namna uvivu na wasiwasi vinavyotajwa pamoja, kwa sababu mwanafunzi mwenye hofu sana mara nyingi huonekana mvivu: anakwepa kitabu kwa sababu kukifungua kunamuuma. Yasin isome kwa kuipenda Qur'ani. Usiisome kama bima.

Ndani ya chumba, usianze kuandika hapohapo. Pitia karatasi yote, anza na swali unalolijua, ili kichwa kipate ushahidi kwamba hakikufutika. Ukikwama, weka kalamu chini, toa pumzi polepole, ndefu kuliko unavyoivuta, mara nne au tano, ukisema astaghfirullah kimoyomoyo. Kisha nenda swali jingine, acha nafasi, utarudi. Mara nyingi neno moja kwenye swali la tisa linaliamsha jibu la swali la tatu. Na kabla ya kuingia, kama hofu ni kubwa, chukua karatasi uandike kwa dakika kumi kila unachokiogopa, kisha uitupe. Watafiti Gerardo Ramirez na Sian Beilock walilijaribu hilo la kuandika na kulichapisha mwaka 2011, na waliofaidika zaidi walikuwa wale wenye hofu ya mtihani.

Ukiletewa maswali yaliyovuja, kataa. "Mwenye kutughushi si katika sisi" inamhusu mwanafunzi kama inavyomhusu mfanyabiashara.

Kuhusu wazazi, waambie ulichoniambia mimi. Wanaokujinyimia wangependa kujua kwamba hulali, na huenda hofu unayoibeba kwa niaba yao hawakuituma. Waombe dua, na waombe wakupunguzie kazi za nyumbani kwa wiki hizi kama wanaweza. Kufeli mtihani si kuwaasi.

Haya yote nimeyasema nikichukulia kwamba hofu yako ni ya mtihani na inakuja na mtihani. Lakini ukiona usingizi unakimbia kwa wiki mbili mfululizo, huli, moyo unadunda na pumzi inakatika hata siku ambazo huna mtihani, huwezi tena kusoma hata ukurasa mmoja, au wazo la kujidhuru linakupitia, usibaki nalo peke yako na usiliite udhaifu wa imani. Wazo hilo likija, mwambie mtu mzima siku hiyohiyo, mzazi au mwalimu, na mwende hospitali. Kwa hayo mengine mwone daktari au mshauri nasaha wa shule ana kwa ana. Mtume (s.a.w.) aliwaambia watu wajitibu, kwani Mwenyezi Mungu hakuweka maradhi ila ameyawekea dawa, isipokuwa uzee. Kusomewa ruqya, yaani kisomo cha kuombea shifaa, na kutibiwa hospitali havigombani, na anayekwambia uache dawa kwa ajili ya ruqya usimsikilize.

Imebaki nadhiri yako. Mtume alikataza kuweka nadhiri, akasema hairudishi kitu, bali ni njia ya kumtoa bakhili kilicho mkononi mwake. Kwa hiyo usiongeze nyingine, na usifikiri kwamba kufaulu kwako kumefungwa nayo. Lakini uliyokwisha kuiweka ni ya ibada, na ukifaulu inakulazimu, kwa sababu amesema pia kwamba aliyeweka nadhiri ya kumtii Mwenyezi Mungu na amtii. Hukumu yake inategemea ulichotamka na ulichokusudia: kama ni mwezi mfululizo au siku thelathini za kuachana, na itakuwaje ikiwa afya haitastahimili, maana asiyeweza ana kafara. Nenda kwa sheikh unayemwamini kabla matokeo hayajatoka, umtajie maneno yako kama yalivyokuwa.